Motokaa za Mlimani: Tarikhi ya Shauku Moja katika Nchi ya Sagana na Nyeri

Msafiri atokaye Nairobi akaishika barabara ya kaskazini, akapita Thika na Kenol na ile njia panda ya Makutano inayowagawa watu wa Embu na watu wa Nyeri, hufika, baada ya kama kilomita 100, penye mji wa Sagana, mji usio mkubwa, uliokaa kando ya mto wenye jina hilohilo, ambao maji yake, yatokayo Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ndiyo yaendayo kuwa Tana na kuishia katika Bahari ya Hindi. Wengi huupita mji huu nyoyo zao zikiwa kwingine. Anunuaye samaki hununua, mwenye haraka ya kuwahi soko la Karatina hukanyaga mafuta, na ni wachache mno wanaotafakari kwamba hapa hukutana njia ya Murang'a itokayo magharibi, na ya Kagio na Kerugoya itokayo mashariki, na hii kuu iendayo Nyeri na Nanyuki. Na kwamba mahali zikutanapo njia ndipo motokaa huja kuharibika, na mahali zinapoharibika ndipo huzaliwa mafundi.

Muradi wangu ni kueleza jinsi nchi hii ya mlimani, ambayo haikuwa na uwanja wa mashindano wala matajiri wa kujaza mabanda kwa magari ya fahari, ilivyopata mahaba makubwa ya motokaa, mahaba yanayodumu hata leo kwa wazee wanaoweza kukutajia mwaka wa gari kwa kuitazama taa yake ya nyuma tu. Nami nadai tangu mwanzo kwamba mahaba haya yana tabia yake ya pekee. Kwingineko duniani gari la kale hupendwa kwa umbo lake, au kwa kasi yake, au kwa uchache wake. Huku kwetu lilipendwa kwanza kwa ustahimilivu, kwa kuwa lilipanda kilima katika masika ilhali mengine yamezama hadi ekseli. Uzuri wake ulionekana baada ya hapo.

Kabla ya motokaa ilikuwako reli. Njia ya reli iliyofika Thika mwaka 1913 iliendelezwa polepole kuelekea mlimani, ikapita Sagana, ikafika Nanyuki mwaka 1930, na pamoja nayo wakaja wenye maduka Wahindi na mafundi Masingasinga, watu ambao ustadi wao wa chuma na mbao ulikuwa tayari umejulikana tangu ujenzi wa reli ya Mombasa. Walowezi wa Nyeri na Nanyuki walikuwa na motokaa zao, nyingi zikiwa zimevuliwa bodi ya kiwandani na kuvishwa sanduku la mbao ili zibebe magunia, na waliokaa chini yake wakizitengeneza walikuwa aghalabu vijana wa Kiafrika wasiotajwa katika kumbukumbu yoyote. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki waliandikishwa, wengi wao katika kikosi cha uchukuzi wa jeshi, wakafundishwa udereva na umakanika, wakaendesha malori katika nchi ya Uhabeshi na baadaye Burma. Nao waliporudi vijijini walirudi na elimu ambayo hapana shule yoyote ya mlimani iliyokuwa ikiifundisha. Naamini kwamba hapo ndipo shina la habari yetu lilipo, na kwamba mwandishi atakayeianza tarikhi hii kwa mashindano ya Wazungu peke yake atakuwa ameyaacha nusu ya mambo nje.

Walakini mashindano yenyewe yana mzizi wake hapahapa, juu ya mto huuhuu. Serikali ya koloni ilikuwa imempa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza hiba ya arusi, nayo ilikuwa nyumba ya mapumziko iliyojengwa kando ya mto Sagana, upande wa Kiganjo, mbali kidogo na mji ninaousema, ikaitwa Sagana Lodge. Mwezi wa Februari mwaka 1952 alifika huko pamoja na mumewe, wakaenda kulala usiku mmoja katika hoteli ya Treetops iliyojengwa juu ya mti ili kutazama wanyama, na usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki Sandringham, Uingereza. Waliporudi Sagana Lodge tarehe 6 Februari, mumewe ndiye aliyempa habari. Siku hiyohiyo walitoka kwa motokaa hadi uwanja wa ndege wa Nanyuki, wakaruka kwenda Entebbe, na yeye aliyekuja mlimani akiwa binti akaondoka akiwa malkia. Kutawazwa kwake kulipangwa kufanyika tarehe 2 Juni 1953, na wapenda magari wa Nairobi wakaona hii ni sababu njema ya kuanzisha jambo walilolitamani.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Eric Cecil, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki, alimshawishi binamu yake Neil Vincent ashiriki mashindano ya uwanjani kule Langa Langa, karibu na Gilgil, naye akajibu kwamba hapendi kuzunguka mahali pamoja kama punda wa kinu. Bora watu waanze safari mbele ya milango ya nyumba zao, waende mbali kadiri njia inavyokwenda, na atakayetangulia kurudi ndiye mshindi. Kutokana na mazungumzo hayo yakazaliwa mashindano ya mwisho wa Mei mwaka 1953, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakaitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia. Magari yalitakiwa yawe kama yalivyotoka dukani, bila kuongezwa nguvu, na yaligawanywa kwa bei yake ya dukani badala ya ukubwa wa injini, jambo ambalo mimi naliona kuwa la hekima kubwa, kwa maana lilimfanya mnunuzi wa kawaida aone gari analoweza kulinunua likishindana na lile ambalo hataweza kulinunua abadan. Gari lililofanya vizuri kuliko yote lilikuwa Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma, iliyoendeshwa na Alan Dix na Johnny Larsen. Mwaka uliofuata Volkswagen ikashinda tena, ikiendeshwa na Vic Preston pamoja na D. P. Marwaha, na mwaka 1955 watu haohao wawili wakashinda kwa Ford Zephyr.

Ni wajibu wangu kusema pia mlima ulikuwa katika hali gani wakati huo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na nchi ya Nyeri, Murang'a na Kirinyaga ilikuwa uwanja wa vita vya Mau Mau dhidi ya serikali ya koloni. Mtu wa Sagana hakuweza kwenda Karatina bila pasi. Watu walihamishwa wakatiwa katika vijiji vyenye mahandaki na senyenge. Wafungwa wa Mau Mau walipelekwa kuchimba mifereji ya mpunga katika bonde la Mwea, mwendo mfupi kutoka hapa. Na ile hoteli ya juu ya mti ikachomwa moto mwaka 1954. Kwa hivyo wakati magari ya sherehe ya malkia yalipokuwa yakikimbia, wenyeji wa nchi alikopatia umalkia wake hawakuwa na ruhusa ya kutoka majumbani mwao usiku, na barabara nyingi zilizokuja kusifiwa baadaye na madereva wa Ulaya zilichimbwa au kusawazishwa kwa jembe na sururu za watu waliolazimishwa. Sisemi haya ili kuitia doa furaha iliyokuja baadaye, bali kwa sababu furaha hiyo ilipokuja ilikuwa na maana zaidi kwa watu waliowahi kunyimwa njia.

Ikaja. Mwaka 1960 mashindano yalipewa jina la East African Safari, na katika miaka iliyofuata njia zake za kaskazini zikawa zikiuzunguka Mlima Kenya, zikipita Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu, kwa usiku na mchana, mara nyingi wakati wa Pasaka, yaani masika yanapoanza kupiga. Asiyeijua ardhi yetu hawezi kuelewa maana ya jambo hili. Udongo wa migongo ya Murang'a na Nyeri ni mwekundu, laini, wenye rutuba, na ukilowa huteleza kiasi kwamba mtu huanguka akiwa amesimama. Ukishuka kuelekea Mwea wakutana na udongo mweusi ambao hautelezi tu, bali hulishika gurudumu na kukataa kuliachia. Ile barabara ya zamani ya Embu hadi Meru, kabla ya lami, ilipanda na kushuka bonde baada ya bonde, kila bonde likiwa na mto wake na daraja lake jembamba na kona mbili kali, moja ya kushukia na moja ya kupandia. Hapo gari la nguvu nyingi halikuwa na faida kubwa juu ya gari la nguvu chache lenye springi imara na dereva mwenye subira.

Wenyeji walisimama kandokando. Habari ilitangulia, kwa redio na kwa midomo, kwamba magari yatapita saa fulani, na watu wakatoka mashambani na watoto mgongoni, wakakaa juu ya kingo za barabara tangu alasiri, wakiota moto usiku, hadi taa za kwanza zionekane ng'ambo ya bonde. Gari likizama walishuka kulisukuma, na ni wengi waliosukuma gari la bingwa wa Ulaya wakarudi nyumbani wamepakwa tope hadi nywele na furaha ya mwaka mzima. Watoto walichukua waya za senyenge, zilezile zilizokuwa uzio wa vijiji vya hali ya hatari, wakazikunja kuwa bodi, boneti na bampa, wakakata makandambili mabovu kuwa magurudumu, wakatia usukani mrefu wa kushikia ukiwa umesimama, wakakimbia nazo. Aliyejua kukunja yale mapezi mawili ya nyuma ya Peugeot 404 hata mtu akaitambua toka mbali, huyo alihesabiwa kuwa fundi miongoni mwa hirimu zake.

Hiyo 404 yastahili kusimamiwa kidogo, kwa maana hapana gari lililoingia katika moyo wa nchi hii kama hilo. Lilitolewa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likichorwa na Pininfarina wa Italia, mchoraji yuleyule aliyezichora Ferrari nyingi za fahari. Kwa hivyo mkulima wa Kirinyaga aliyelinunua ili abebe maziwa na kahawa alikuwa, bila kujitangaza, mwenye kazi ya mkono mmoja na zile motokaa za wafalme. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka katika Safari, yakarudi 7 tu, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ikashinda tena mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell waliotoka Tanzania. Mwaka 1968 mvua ikarudia ukatili wake, yakarudi tena magari 7, na wa kwanza wakawa tena Nowicki na Cliff, tena kwa 404. Kushinda mara 4 katika miaka 6, na mara 2 katika hizo ni katika tope lililoimeza karibu kila gari jingine, kulikuwa tangazo ambalo hapana kampuni ingaliweza kulilipia.

Nimesimama mara nyingi katika gereji za wazi za upande huu nikitazama 404 ikifunguliwa, na sijachoka. Injini yake imelazwa ubavu ndani ya boneti, imeinama nyuzi 45, hata kabureta na plagi zikawa rahisi kufikiwa na mkono wa mtu aliyesimama wima. Gia yake iko kwenye usukani, hivyo kiti cha mbele hukaa watu watatu bila kugombana na mti wa gia. Feni yake hujifunga na kujiachia yenyewe kwa sumaku, kadiri injini inavyopata moto au kupoa, ili isile nguvu bure, ufundi uliokuwa mbele ya wakati wake. Betri ikifa, kuna tundu mbele la kutia hendeli. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa akimfundisha mwanafunzi wake kurekebisha pointi, kijana alikwisha chukua bisibisi, naye mzee akaushika mkono wake akamwambia, "Ngoja kwanza, kijana. Sikiza." Wakainama wote wawili, injini ikizunguka polepole, na mzee akawa anahesabu kwa kidole juu ya bampa, silinda kwa silinda, hata kijana akainua uso na kusema, "Ya tatu, mzee." Ndiyo iliyokuwa mbovu. Hakuna kipimo chochote kilichokuwa kimetolewa katika sanduku.

Mashindano hayakuwa ya Peugeot peke yake, wala sipendi nionekane nimesahau wengine. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, yeye mwenyewe fundi, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa tayari imetumika na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia ikaachwa huku. Motokaa mkuukuu, kwa maneno mengine, iliyofufuliwa na mikono iliyoijua. Masingasinga wa gereji za mlimani waliupokea ushindi huo kama wa nyumbani kwao, nao walikuwa na haki. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, motokaa ndogo ya Kijapani iliyokuwa bado haijulikani sana duniani. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alishinda mara tano, ya kwanza mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, nayo ni gari la michezo hasa, lenye boneti ndefu na viti viwili. Mwaka huo yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na alama sawasawa za adhabu, ikabidi hukumu iangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu, akaonekana Mehta. Na itakumbukwa kuwa kwa karibu miaka 20, hadi Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliposhinda kwa Ford Escort mwaka 1972, hapana mgeni kutoka ng'ambo aliyeweza kuwashinda wakazi wa Afrika ya Mashariki katika njia zao.

Magari ya fahari yalikuja nayo yakajaribu. Porsche 911, ambayo wapenda motokaa wa dunia nzima huitaja kwa taadhima, ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, ikashika ya pili mwaka 1974 ikiendeshwa na Björn Waldegård, ikashika ya pili mwaka 1978 ikiendeshwa na Vic Preston mdogo, na katika Safari ile haikupata kuwa ya kwanza hata siku moja. Mwaka 1978 iliyoipita ilikuwa Peugeot 504, ndugu mdogo wa 404, katika umbo lake la milango miwili. Habari kama hizi ndizo zilizojenga akili ya mpenda magari wa mlimani. Alijifunza kulivulia kofia jina kubwa, kisha akauliza lilifika au halikufika.

Wakati huohuo motokaa zenyewe zilikuwa zikishuka kutoka jukwaa la mashindano na kuingia katika maisha ya watu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zilizokuwa zikiwabana, na pikapu za Peugeot zilizofunikwa nyuma zikaenea kila njia. Kisha mwaka 1975 baridi kali ikaiharibu mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na mwaka 1976 na 1977 wakulima wa Kirinyaga, Nyeri na Murang'a wakapokea kwa vyama vyao vya ushirika fedha ambazo baba zao hawakuziota. Wengine waliezeka mabati, wengine walilipa karo, na wengine wakanunua 404 au 504, wakaziegesha mbele ya nyumba zikiwa zimeoshwa kila Jumamosi kwa ajili ya kanisa la Jumapili. Hizi 504 za mgongo mrefu, zenye safu tatu za viti, ndizo zilizokuwa fahari ya njia ya Nairobi na Nyeri. Zilipita Sagana kwa mwendo ambao watu wazima waliukemea na vijana wakauabudu. Ufaransa waliacha kutengeneza 504 ya kawaida mwaka 1983, lakini Afrika iliendelea kuiunganisha na kuitumia kwa miaka mingi baadaye, na ndiyo maana hata leo mtu akifungua boneti ya 504 barabarani hapatakosekana mpita njia wa kutoa shauri.

Nairobi nako kulikuwa na namna nyingine ya mapenzi. Tangu mwaka 1970 chama cha wenye Alfa Romeo kimekuwa kikiandaa maonyesho ya Concours d'Elegance, ambayo hufanyika katika uwanja wa farasi wa Ngong, ambapo magari na pikipiki hukaguliwa na waamuzi juu, ndani na hata chini ya tumbo, kila tone la mafuta likihesabiwa kuwa aibu. Ni maonyesho mazuri na nayaheshimu, kwa maana yamewafundisha vijana wengi kwamba gari la mwaka 1960 ni amana na si takataka. Hata hivyo mwenye 404 wa mlimani akisimama pale hujiona mgeni kidogo. Gari lake lina kovu la daraja la mto Thuchi au la mti wa mkaratusi, na kwake yeye kovu hilo ni sehemu ya habari ya gari. Akilipaka rangi atakuwa amefuta ukurasa. Sioni kuwa moja kati ya njia hizi ni potovu. Naona tu kwamba ile ya Ngong ina mlezi, na hii yetu haina.

Kwa maana mambo yamebadilika, na haraka. Madereva Waafrika walipata nafasi yao katika mashindano baadaye sana kuliko walivyostahili; Patrick Njiru alishika nafasi ya nne katika Safari ya mwaka 1994 kwa Subaru, mwaka ambao Ian Duncan, Mkenya mwenzake, alishinda, na mlimani kote watu walizungumza habari za Njiru kama za mtoto wao. Lakini baada ya mwaka 2002 Safari ikatolewa katika mashindano ya dunia, na iliporudi mwaka 2021 ikakaa Naivasha, na mlima ukawa mtazamaji wa televisheni. Mashindano ya magari ya kale yaliyoanzishwa mwaka 2003, kwa kumbukumbu ya miaka 50 tangu yale ya kwanza, yalimrudisha Waldegård huku, naye akashinda mwaka 2007 kwa Ford Escort, miaka 30 kamili baada ya kushinda Safari ya mwaka 1977 kwa Escort, kisha akashinda mwaka 2011 kwa Porsche 911, gari lililomnyima ushindi alipokuwa kijana. Ni habari nzuri mno. Lakini washiriki wengi wa mashindano hayo huleta magari yao kwa meli kutoka Ulaya, na yakisha kwisha huyarudisha kwa meli.

Yetu hayana meli ya kuyaleta. Sheria ya Kenya haikubali, kwa kawaida, kuingizwa kwa gari lililopita umri wa miaka 8, na kwa hivyo idadi ya 404, za Volkswagen za mgongo wa mviringo, za Datsun 1600 na za Volvo zilizomo humu nchini yaweza kupungua tu, haiwezi kuongezeka. Kila moja inayokatwa vipande na kupimwa kwa kilo kuwa chuma chakavu haitapata badala yake. Barabara mpya ya njia nne ya Kenol, Sagana hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84, imerahisisha safari na imeokoa roho za watu, nami naishukuru. Lakini imewafanya wasafiri wapite Sagana bila kupunguza mwendo, na gereji za kandokando, zilizoishi kwa magari yaliyochoka njiani, zimepoteza sababu yake. Wazee waliozijua injini kwa masikio wanakwenda mmoja baada ya mwingine, na wanafunzi wao siku hizi husoma hitilafu katika kioo cha kompyuta, elimu ambayo ni ya lazima na ambayo haisaidii chochote mbele ya gari lisilo na waya wa kuiunganishia.

Wapo hata hivyo wanaoshikilia. Siku za Jumapili, hasa kiangazi, utaona safu ya magari ya kale yakitoka Nairobi kwenda Nanyuki ili wenyewe wapigwe picha penye mstari wa ikweta, na mara nyingine hujiunga nao, toka Karatina au Nyeri, mzee mwenye 404 yake nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa, pamoja na mjukuu aliyekaa kati ya viti vya mbele. Hapo hutaona tofauti ya tajiri na maskini. Huzungumza spea, huzungumza nani bado anaweza kuchonga bushi, huzungumza mwaka fulani wa mvua. Mwenye Mercedes ya thamani ya shamba huinama chini ya boneti ya mwenye pikapu, akauliza, akajibiwa, akashukuru. Ushirika huu ni mali. Tatizo lake ni kuwa unaishi katika vichwa vya watu, na vichwa vya watu hufa.

Reli ina makumbusho yake Nairobi tangu mwaka 1971, ambako mtoto wa shule aweza kuligusa gurudumu la garimoshi na kuambiwa lilitoka wapi. Nyeri ina makumbusho ya taifa katika jumba lililokuwa mahakama ya wenyeji wakati wa ukoloni, na ina kaburi la Baden-Powell linalotembelewa na maskauti wa dunia nzima. Motokaa, iliyoyabadilisha maisha ya watu wa mlima huu kuliko vyote hivyo, haina hata kibanda. Nawaomba basi wasimamizi wa makumbusho ya Nyeri, na serikali za kaunti za Nyeri na Kirinyaga, watenge mahali padogo, hata pawe pa gari moja na meza moja, na wapeleke watu wenye vinasa sauti kwa mafundi wazee wa Sagana, Karatina na Nanyuki ambao bado wako hai. Nawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wamwalike mzee mmoja kila muhula aje asikilize injini mbele ya wanafunzi. Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna kitabu cha gari kilichofungwa katika sanduku, au picha ya baba yako ameegemea bampa, au gari lenyewe limelala nyuma ya ghala na kuku wanatagia ndani yake, usiliuze kwa kilo kabla hujaandika kwenye karatasi lilinunuliwa mwaka gani, kwa fedha za mavuno gani, na nani aliyekuwa akilitengeneza.